Nataka rangi mbele ya baraza mwaka mzima: Kigamboni, mchanga na maji ya kisima yenye chumvi

MamaIlham

Wadau wa bustani, habari za jioni.

Nina eneo dogo mbele ya nyumba, Kibada huku Kigamboni, kama hatua kumi na mbili kwa saba. Ardhi ni mchanga. Unamwaga ndoo ya maji, ukigeuka hakuna dalili kama ulimwaga. Maji ni ya kisima na yana chumvi, ya chai tunanunua. Baraza inatazama kusini.

Mwaka jana mwezi wa nne, mvua zimeshika, nilinunua miche pembeni ya barabara: mawaridi sita, haidrenjia mbili, petunia za kuning'iniza. Mpaka mwezi wa saba wapita njia walikuwa wanasimama getini kutazama. Mwezi wa kumi majani ya waridi yakaanza kukauka pembeni, rangi ya kahawia, kama yamepitiwa na pasi. Vuli ikaja haba. Januari nilikuwa nang'oa vijiti.

Ningekuwa peke yangu ningeacha. Lakini mwezi wa pili mama yangu amehamia kwangu kutoka Korogwe. Macho yake yamefifia sana, mimi mwenyewe ananitambua kwa sauti. Rangi kali tu ndiyo bado anaipata. Juzi jirani alianika khanga nyekundu kwenye uzio, mama akaniuliza, "Hilo ua gani limechanua pale?" Nikashindwa kumjibu. Nikaingia ndani.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Ua gani linachanua mwaka mzima na linavumilia maji kama haya? Nina watoto wawili, miaka mitano na mitatu, na huyo wa mitatu kila kitu anapeleka mdomoni.

Kijana_wa_Mbezi

Pole sana dada. Panda bogenvilia na oleanda. Hata ukisahau kumwagilia havifi. Kwetu oleanda imepandwa miaka na inachanua pinki mfululizo, ufukweni kabisa.

MzeeWaViriba

Kijana, bogenvilia sawa. Oleanda hapana, siyo kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu. Mti mzima una sumu, kuanzia jani mpaka ua, na sumu yenyewe inagusa moyo. Kuvumilia chumvi inavumilia kweli, lakini dada ametuambia mtoto anatia vitu mdomoni.

MamaIlham, binti yangu, msalimie mama, mwambie shikamoo kutoka Bunju. Nimeuza miche pembeni ya barabara hapa Dar miaka 19, sasa nimebaki na bustani ya nyumbani. Hilo swali la ua la mwaka mzima nimeulizwa kuliko swali jingine lolote. Usilitafute ua hilo. Tafuta maua yanayopokezana zamu, na uanze kwa kujua jua lako linapita wapi.

Baraza inatazama kusini, umesema. Hapa Dar, kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka karibu katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, yaani nyuma ya nyumba yako. Kitanda cha chini ya baraza kinakuwa kivulini. Ikifika Oktoba jua linavuka na kuja upande wa baraza, linakaa huko mpaka Machi. Sasa angalia tarehe zako: waridi lilikuwa zuri mwezi wa saba, likaanza kuungua mwezi wa kumi. Jua limehamia juu yake, mvua hakuna, na wewe kwa huruma ukaongeza maji ya chumvi. Hukukosea kutunza. Miche ile ilikuzwa kwenye baridi ya milimani, ikaletwa imechanua, na sisi wauzaji siku zote tunapanga mbele kile kilichochanua. Mteja anaondoka na ua la Aprili, hakuna anayemuuliza kuhusu Januari.

Ile kahawia ya pembeni mwa jani ni chumvi. Mmea unavuta maji, maji yanatoka kupitia jani, chumvi inabaki, inajikusanya ukingoni. Ukimwagilia kidogo kidogo kila jioni, chumvi inabaki juu kwenye mizizi. Bora umwagilie mara mbili kwa wiki, maji mengi, mpaka yashuke chini yaibebe chumvi. Mchanga wako hapo ni rafiki, unasafishika upesi kuliko udongo wa mfinyanzi. Mwagilia alfajiri, chini kwenye shina, usilowanishe majani. Na masika haya weka ndoo na mapipa chini ya bati. Maji ya mvua ndiyo dawa pekee ya kweli.

Sasa bogenvilia. Ipande kwenye uzio wa mbele, mama akikaa anautazama moja kwa moja, na pale mbali kivuli cha nyumba hakifiki. Ina miiba, kwa hiyo huko huko mbali ndiko kwake. Watu wengi wanaikosea kwa mapenzi. Wanaipa maji kila siku, wanaipa na urea, inatoka majani mpaka inaangusha uzio, ua hakuna. Bogenvilia inataka kiu. Masika yakikatika, mwanzoni mwa Juni, ipogoe, itoe machipukizi mapya, kisha ipunguzie maji. Mwagilia mpaka chini halafu iache mpaka majani ya juu yaanze kulegea. Itachanua kipupwe chote na kuendelea. Ile rangi si ua, ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni kibomba kidogo cheupe katikati. Ndiyo maana rangi inakaa wiki nyingi, wakati hibiskasi ua moja ni la siku moja, kesho limesinyaa.

Na hili ni kwa ajili ya mama. Usichanganye rangi. Bustani ya rangi sita inapendeza kwenye picha, lakini kwa macho yaliyofifia inakuwa ukungu mtupu. Ile khanga aliiona kwa sababu ilikuwa nyekundu moja, kubwa, imetandazwa. Fanya hivyo hivyo: bogenvilia tatu za rangi moja ziungane. Ukuta wako una rangi gani?

MamaIlham

Shikamoo baba. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nje natazama kivuli kinapoishia. Ni kweli kabisa, hapo chini ya baraza sasa hivi hakuna jua, na mwezi wa kwanza kulikuwa hakukaliki.

Ukuta wa uzio ni matofali, haujapakwa kitu. Na zamu nyingine je? Bogenvilia ikimaliza?

MzeeWaViriba

Marahaba mwanangu. Upake chokaa nyeupe kabla ya kupanda. Nyekundu au pinki kali juu ya nyeupe, ataiona hata jua likiwa limeinama.

Zamu ya kipupwe, pamoja na bogenvilia, ni zinia. Mbegu usimwage sasa kwenye mvua, majani yatashika ukungu mweupe. Subiri mwisho wa Mei. Kama wiki nane baadaye zinachanua, nyekundu na chungwa. Nunua pakiti ya rangi moja, si ile ya mchanganyiko. Zinia zinakubali udongo wenye samadi ya ng'ombe iliyooza. Ya kuku ni kali, itaziunguza. Ukikata maua kupeleka mezani zinazaa zaidi. Zipande mahali penye jua, siyo chini ya baraza.

Kiangazi, Desemba hadi Februari, upepo wa kaskazi unavuma na jua liko upande wa baraza: hapo ni potulaka. Inatambaa chini, majani yake manene yana maji ndani, mchanga ndiyo nyumba yake na chumvi haiisumbui sana. Inafunguka jua likipanda, ikifika jioni inafunga. Kata kitawi, chomeka, basi. Kwa shilingi chache utajaza kitanda chote. Waridi la jangwani nalo linapenda kiangazi, ila utomvu wake ni sumu, kuna makabila yalipaka kwenye mishale. Liache mpaka watoto wakue. Hata vinka, ile ya pinki inayoota yenyewe makaburini na kando ya njia, inavumilia yote hayo, lakini nayo haifai kuliwa.

Vuli usiigharamie. Macho ya kila mtu Novemba na Desemba yanaenda kwenye mkrismasi, na kama jirani anao, mama atapata nyekundu ya bure. Wewe usiupande, mizizi yake itainua baraza.

Masika ni ua la kana, nyekundu. Inapenda maji, ndiyo wakati wake. Chimba kitunguu chake kutoka kwa mtu, usinunue.

Shambalai_Lushoto

Naongezea kidogo kuhusu haidrenjia, dada. Huku kwetu zinakua pembeni ya nyumba bila mtu kuzigusa, na zinabadilika rangi kwa udongo: wenye tindikali zinakuwa bluu, usio na tindikali zinakuwa pinki. Zinataka baridi na maji matamu. Kwa Kibada ziache kabisa, usijilaumu.

Ila nimeona mama katoka Korogwe. Muulize kama anakijua kile kiua cha zambarau chenye majani ya manyoya, kinachoota kwenye mawe yenye kivuli kando ya vijito vya Usambara. Duniani wanakiweka madirishani, kinaitwa Saintpaulia, kwa jina la ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka mimea yake Ulaya. Jina hilo la kitaalamu lilitolewa 1893. Kimetoka milimani kwetu, hapo juu tu ya Korogwe, na wengi wetu tunakinunua kwenye kopo bila kujua. Jua la moja kwa moja hakitaki, na maji ya kisima chako yatakiua. Kikae ndani, dirisha lenye mwanga, maji ya mvua yamwagwe kwenye kisahani, siyo juu ya jani. Joto la Januari la Dar litakichosha. Sikwambii kwa ajili ya rangi ya mbali, ni cha kumwekea mkononi. Majani yake akiyagusa atayajua.

BiAsha_Ngambo

Mwanangu, mie nakusoma kutoka Unguja. Mmesema rangi, rangi, rangi. Na harufu je?

Mama asiyeona vyema mpandie asumini karibu na kiti chake, hapo hapo penye baraza. Ikifika jioni vitumba vinaanza kufunguka, na usiku harufu inaingia mpaka chumbani. Sie huku tunavichuma kabla ya magharibi vikiwa bado havijafunguka, tunavitunga, vinafungukia kichwani au juu ya mto. Weka na rehani pembeni, mbegu zake zinaota upesi. Ukipata mlangilangi kwa mtu, ua moja mbili tu zatosha chumba kizima. Asumini na rehani, na langilangi, na mkadi ukipatikana, ndiyo kikuba hicho. Marehemu mama yangu aliyapoteza macho miaka minne kabla hajafa, na kila jioni ya msimu nilimfungia kikuba kwenye ncha ya mtandio. Alikuwa akijua asumini la leo na la jana.

Asumini ipande kwenye chungu kikubwa, udongo mzuri wenye samadi, uipe maji ya mvua au hayo ya kununua, chungu kimoja hakimalizi maji. Mkiona ukoko mweupe juu ya udongo ndiyo chumvi hiyo, mwagieni maji matamu mengi yapite mpaka chini. Ikimaliza kuchanua ikate, usiionee huruma.

MamaIlham

Bi Asha, shikamoo. Nimemsomea mama maneno yako yote. Alikaa kimya, kisha akasema kwao bibi yake alikuwa na asumini nyuma ya jiko. Miaka yote hii sijawahi kulisikia hilo.

Na Shambalai, kiua chako anakijua. Anasema wakiwa wadogo walikuwa wanakiona wakipanda mlimani kutafuta kuni, wala hakikuwa na thamani kwa mtu.

Naleta taarifa. Uzio nimepaka chokaa jana, mimi na kijana wa jirani, koti mbili. Bogenvilia nimepata tatu, zote ile pinki iliyokoza, kwenye viriba vikubwa. Muuzaji alitaka kunipa iliyojaa maua, mimi nikachukua zisizo na ua, shina nene. Sijui kama nimefanya sawa. Mapipa mawili yapo chini ya bati na usiku wa kuamkia leo yamejaa. Kana nimepewa na shangazi wa Tungi, mfuko mzima. Asumini bado natafuta, ninayoambiwa ni asumini haina harufu.

Baba, mashimo ya bogenvilia niyachimbe umbali gani kati ya moja na nyingine, na nichanganye nini kwenye huu mchanga?

MzeeWaViriba

Umefanya sawa, shina nene ndilo la kuangalia. Hatua tatu kati ya shimo na shimo, na nusu hatua kutoka ukutani. Shimo liwe la kina cha goti. Debe moja la samadi iliyooza kwa kila shimo, uchanganye na mchanga wako huo huo uliochimbwa. Makumbi ya nazi yakipatikana yaloweke kwanza kwenye maji ya mvua siku mbili yatoe chumvi, kisha yatandaze juu kuzuia jua.

Kiriba ukichane kwa wembe pembeni, usiuvute mche kwa shina. Bogenvilia mizizi yake ni laini kama nywele, udongo ukimwagika tu inagoma. Nimepoteza mingi kwa haraka ya namna hiyo. Panda jioni, mwagilia maji ya pipa, na kwa wiki mbili za mwanzo usiinyime maji kabisa. Kiu ni baadaye, ikishashika.

BiAsha_Ngambo

Asumini isiyo na harufu si asumini, mwanangu, rudisha. Mie nina mjomba anakuja Dar na boti wiki ijayo. Nitachukua kipandikizi kwangu nikifunge kwenye kitambaa kibichi. Niandikie faraghani tujue atakukuta wapi.