Naomba ushauri: Hilux ya 1GD yenye DPF, inavumilia vumbi na safari fupi?

Wakuu, naulizia Hilux ya injini ya 1GD-FTV, lita 2.8, iliyokuja mwaka 2015 kurithi 1KD ya lita 3.0. Habari ya cheni badala ya mkanda wa taimingi naifahamu, hapo sina shaka.

Wasiwasi ni DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi. Gari likizungushwa mjini tu, ekzosi haipati joto la kutosha kuyachoma masizi. Chujio linaziba, taa inawaka, nguvu inakata. Wenye nayo, mnalipeleka barabara kuu kila baada ya siku ngapi? Na oili ya majivu kidogo, ya kiwango cha Ulaya cha ACEA C2, mnaipata dukani au mnaweka yoyote? (Yoyote ndiyo inayoua chujio polepole.)

Pili, vumbi. Likipenya chujio la hewa hushika sensa ya hewa, kompyuta ikasoma uongo. Mnabadilisha chujio kwa kilomita ngapi, na mmeziba vipi kingo zake?

Maji kwenye dizeli: chujio la mafuta mnalimwaga maji kila wiki?

Ushauri wa "ng'oa tu DPF" sihitaji, labda aliyepanga upya kompyuta aeleze ulaji wa mafuta ulivyobadilika.