Nimeomba nyumba ya chini, nimepewa buku mbili ya soda

Wakuu habari za sa hizi. Uzi mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwahiyo wale wa "fupisha mkuu" piteni tu hatugombani.

Nipo Tanga mjini, Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba. Mwaka wa 9 huu natumia kiti cha magurudumu. Nilidondoka kwenye mnazi kule Pongwe, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikawa imeishia hapo. Pole zenu nazijua, laiti zingekuwa zinauzika ningeshanunua kiwanja Raskazone. Kazi yangu fundi simu, nina meza yangu na wateja wangu, kodi ya pango nalipa miezi sita sita na sijawahi kukimbizana na mwenye nyumba. Hilo naliweka mwanzo kabisa kwa makusudi, mtaona mbele kwa nini.

Ninapokaa ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, baraza la juu, korido katikati, choo uwani. Kuingia ndani lazima mtu aniinue na kiti, na choo chenyewe kiti hakipiti mlangoni, nashuka natambaa. Mnanielewa? Kwenye sakafu ya choo cha wapangaji watano. Sasa mtu ukishaishi hivyo unajifunza ujanja mmoja mbaya sana, unapunguza kunywa maji ili usiende chooni mara nyingi, na Tanga hii na joto lake la mwezi wa pili, matokeo yake UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haziishi, dawa kila mwezi, na wenzangu wa uti wa mgongo humu wanajua ikipanda kwenye figo habari yake. Kwahiyo nyumba kwangu mimi si suala la kupendezesha sebule.

Sasa basi. Kuna taasisi ya umma, siitaji, mods wasije wakaufunga uzi na mimi sina hela ya wakili, ikatangaza nyumba za kupangisha. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani, jengo la ghorofa nne halina lifti, kodi naiweza. Mama watoto akaniambia jaribu, hawa ni serikali watakuelewa. Nikachukua fomu.

Fomu kurasa 4. Wameuliza mwajiri, mjumbe wa mtaa, wategemezi wangapi, wameuliza mpaka kama nina gari na namba yake ya usajili. Ulemavu hawajauliza. Hakuna hata kiboksi cha kutiki. Mwisho kabisa kuna "maelezo mengineyo", mstari wenyewe mmoja haujafika urefu wa kidole. Nikaona hapa hapatoshi, nikaandika barua nikaibana na fomu. Nikaeleza kwamba naomba nikipangiwa nipangiwe ya chini, pale mlangoni pa jengo kuna ngazi tatu naomba uwekwe mteremko, mlango wa choo upanuliwe, na chuma cha kushikia ukutani pembeni ya choo. Nikaandika kabisa kwamba kama bajeti hamna basi mlango na chuma nitalipia mwenyewe, mnipe tu ruhusa kwa maandishi nisije nikaambiwa nimeharibu mali ya umma. Barua ya daktari niliipata hospitali ya Bombo asubuhi moja, ya serikali ya mtaa nayo siku hiyohiyo. Mpaka hapo sikuwa na malalamiko na mtu.

Wiki mbili baadaye napigiwa simu, "njoo uhakikiwe". Nikauliza kuhakikiwa nini, nikaambiwa kuhakikiwa kama kweli una hali hiyo. Sawa, nikakodi bajaji, na mnajua bajaji kwa mtu wa kiti hauchangii na wengine, unakodi nzima, kiti kinakunjwa kinakaa pembeni yako, elfu tatu kwenda na elfu tatu kurudi. Nafika pale mlinzi ananiangalia, ananiambia shehe, hiyo ofisi ya uhakiki ipo juu, ghorofa ya pili.

Someni tena hapo. Ofisi ya kuhakiki kwamba mimi siwezi kupanda ngazi ipo juu ya ngazi.

Nikamtuma mama watoto apande na makaratasi. Akarudi, eti lazima mwombaji mwenyewe asaini mbele ya afisa. Akapanda tena kumwambia mwombaji yupo hapo chini dirishani ukichungulia unamwona. Akarudi, eti afisa hawezi kuacha ofisi. Walinzi wawili, Mungu awabariki, wakasema shehe tukubebe. Nikakataa. Najua kuna watakaosema si ungekubali tu mambo yaishe. Ndugu yangu mimi nilishabebwa ngazi nikadondoshwa, na ninapodondoka sehemu kubwa ya mwili wangu haisikii, naweza kuvunjika mfupa nikaja kujua usiku nikiona uvimbe. Halafu tuliache hilo, hata kama nisingedondoka, mtu mzima na ndevu zangu nibebwe mgongoni kama gunia la machungwa ya Muheza watu wote foleni wananiangalia, ili nikapewe haki ya kuomba kupanga nyumba?

Nimekaa pale kuanzia saa tatu mpaka saa saba kasoro. Aliyenisaidia ni dada wa usafi. Alisikia mama watoto anabishana juu, akamwambia afisa nipe hiyo fomu nimpelekee, akashuka nayo na ndoo yake mkono mwingine, nikasaini juu ya paja, akapanda nayo. Dakika tano zimeisha. Kumbe inawezekana.

Sasa nipo pale nangoja bajaji, afisa naye anashuka kwenda kula. Akaja mpaka kwangu, mtu mstaarabu tu, kavaa vizuri, sauti ya upole. "Kaka pole sana, mimi nimeiona barua yako imenigusa kweli." Nikafurahi. Nikaanza kumweleza kuhusu mlango wa choo, kiti changu kina upana wa sentimita 63 na mlango wao nimeupima ni 60, yani sentimita tatu tu ndo zinanizuia ila mlango wa maana uwe 80 na kuendelea ili mikono isichubuke. Yeye ananiitikia eeh, eeh, huku anatoa pochi. Akaniwekea elfu mbili kwenye mapaja. "Kanywe soda kaka, tuombeane dua." Akaondoka.

Nilikaa nikaiangalia ile noti. Wallahi sijawahi kukasirika vile hata siku niliyoambiwa sitatembea tena. Ningetukanwa ningejua cha kujibu. Mimi nimekuja pale na barua ya maombi kama mpangaji, nitakayelipa kodi yake mpaka shilingi ya mwisho, yeye kichwani mwake ameona mtu wa kiti kaja ofisini basi kaja kuomba. Vipimo vya mlango alivisikia kama mtu anavyosikia dua ya ombaomba nje ya msikiti siku ya Ijumaa, unaitikia amina unatoa chochote unaondoka na thawabu zako. Na nina uhakika jioni alimhadithia mkewe kwamba leo amemsaidia mlemavu.

Haya, majibu yakaja. Barua nzuri, nembo, muhuri. Nimepangiwa. Ghorofa ya tatu. Nisipoichukua ndani ya siku 14 apewe mwingine. Kuhusu barua yangu hakuna neno hata moja, si ndiyo si hapana.

Nikapiga simu, akapokea dada mmoja, akaniambia "kaka sisi hapa hatubagui, mfumo ndo unapanga, na mfumo haujui nani mlemavu nani mzima". Kasema kwa kujivunia kabisa. Nikamwambia dada yangu ndo ninachokilalamikia hichohicho, mfumo haujui kwa sababu fomu yenu haijauliza, na nilipowaambia mwenyewe kwa karatasi mmeibana na pini mkaiacha. Akasema labda ukate rufaa. Rufaa inapelekwa wapi? Ghorofa ya pili.

Jumamosi nikarudi kuliangalia jengo lenyewe, maana nilijiambia labda za chini zimechukuliwa na wenzangu, wazee au watu wa magongo, ningenyamaza. Asee. Za chini zipo nne. Moja saluni. Nyingine stoo, kreti za soda zimepangwa mpaka dirishani. Mbili zina watu, nimewaona vijana watatu wazima wa afya wanapanda na kushuka, sina ugomvi nao hata kidogo, wao mfumo umewapanga. Lakini soda imepata nyumba ya chini mimi nimepewa ya tatu. Soda haina hata miguu ya kuumia!

Na pale nje nikatoa futikamba yangu. Ngazi tatu, kila moja sentimita 15, jumla 45. Kipimo cha mteremko ambacho mafundi wanakitumia ni 1 kwa 12, maana yake kupanda sentimita 45 unahitaji mita 5 na nukta 4 kwenda mbele. Nafasi ipo, tena inabaki, sa hivi wanapaki pikipiki. Fundi wa mtaani kwetu kanipigia hesabu haraka haraka, kifusi, saruji, mchanga, kokoto na ufundi, laki nne hivi. Jengo la mamilioni mangapi sijui lakini linashindwa na laki nne, na mteremko wenyewe si wangu peke yangu, mama mwenye kibebeo cha mtoto atapita, bibi wa kisukari aliyekatwa mguu atapita, na hao wa kreti za soda ndo watafurahi kuliko wote.

Kuna mdau hapo chini kaniambia "shukuru hata umepata, wazima wenyewe hawapati". Na mwingine anasema nataka upendeleo. Nawajibu wote wawili kwa pamoja maana mmeniudhi kwa pamoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo, Namba 9 ya mwaka 2010, haijatungwa jana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu nchi hii imeuridhia mwaka 2009. Ibara ya 28 inazitaja kabisa programu za nyumba za umma, kwamba watu wenye ulemavu wazifikie. Na ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji, ambayo si mzigo wa kupindukia kwa anayeyatoa, ni ubaguzi. Sasa wewe mwenye "upendeleo" niambie, ngazi ulizowekewa wewe ni nini? Kuna mtu alikaa akawaza huyu ana miguu miwili atapandaje, akakujengea, kwa hela ya umma. Hukuandika barua. Hukuhakikiwa kama una miguu.

Kwenye ile mikopo ya halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, tunakumbukwa, tunapigwa picha, tunashika hundi kubwa ya karatasi. Sawa, ni jambo jema na kuna wenzangu zimewatoa. Ila ukimaliza kupigwa picha unarudi kulala wapi?

Aliyeniuliza kama nimekwenda kwa afisa ustawi wa jamii, ndiyo nimekwenda, kanisikiliza vizuri na kaniandikia barua ya kuniunga mkono. Aliyesema nijenge kwetu Pongwe, asante, wateja wa simu utaniletea wewe? Na wewe wa "jamaa alikupa kwa moyo mzuri usimhukumu", nakubali moyo ulikuwa mzuri. Ila moyo mzuri hauna sentimita 80.

NYONGEZA, leo saa kumi jioni:

Siku 14 zinaisha Jumatano. Leo nimepeleka rufaa. Nimegundua dirisha la masjala lipo chini, tena lipo usawa wa kiti changu, kumbe wakitaka kupokea vitu kwa watu wanajua kuvipokea chini. Nimeandika upya yote, vipimo vyote, picha za saluni na stoo, nimeomba nyumba yoyote ya chini au nibaki kwenye foleni nafasi yangu isipotee mpaka moja iwe wazi, na nimeomba nijibiwe kwa maandishi. Nakala kwa ustawi wa jamii na kwa kamati ya watu wenye ulemavu.

Na ile elfu mbili nilikuwa sijaitumia. Nimeibana kwa pini juu ya barua nikaandika "narudisha". Kijana wa masjala kaishika barua kaigeuza geuza, akaniuliza shehe hii noti naiandikaje kwenye rejista. Nikamwambia andika ulichokiona. Akafikiria, akaandika taratibu kwa mwandiko wake mzuri: barua moja, viambatanisho vitano, shilingi elfu mbili. Akapiga muhuri, akanipa nakala yangu.