Sinema za mapigano za Thailand: ni nani anayepewa sura ya adui?

Mkazi wa Pasua, Moshi
Habari za jioni, wadau. Ninaendesha kibanda cha video karibu na soko la Mbuyuni, na Jumamosi iliyopita nilionyesha Ong-Bak ya mwaka 2003, ile ambayo Tony Jaa anapigana kwa viwiko na magoti bila kuning'inizwa kwa nyaya. Watu walipokwisha kutoka, kijana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye huwa ninamwekea nafasi kando ya mlango, aliniuliza kwa nini mkuu wa wahalifu, Komtuan, amekalishwa kwenye kiti kama chake na kupewa kifaa cha kushikilia kooni ili asikike. Sikuwa na jibu. Nikakumbuka pia kwamba katika Tom-Yum-Goong ya 2005 adui mkuu ameigizwa na Jin Xing, mcheza dansi wa China aliyebadili jinsi. Je, kwao kila aliye tofauti ni adui?

Mzee wa Ngarenaro, Arusha
Ndugu yangu, kuhusu kile kiti sina utetezi. Ni njia ya mkato ya kumfanya mtu aogopwe, na sinema za nchi nyingi zimeitumia. Hata hivyo, usimsahau steringi mwenyewe. Tony Jaa alizaliwa mwaka 1976 huko Surin, katika jamii ya Wakuy wanaojulikana kwa kufuga tembo, na mwalimu wake, marehemu Panna Rittikrai, alitoka Khon Kaen. Mikoa yote miwili iko Isan, upande wa kaskazini mashariki, ambako watu huondoka kwenda Bangkok kuendesha teksi na kubeba zege, na ambako lugha yao, iliyo karibu sana na Kilao, huchekwa mjini. Mtazame Humlae wa Ong-Bak: ametoka kijiji kimoja na Ting, yule anayeigizwa na Tony Jaa, lakini akifika mjini anajiita George na hataki kuitwa jina la nyumbani. Sisi hatukuliona hilo kwa sababu mfasiri wetu aliwasemesha wote Kiswahili kimoja cha Dar es Salaam, George na mwanakijiji mwenzake wakawa kama watu wa mtaa mmoja.

Mama wa Kiborloni
Shikamoo, Mzee wa Ngarenaro. Naomba niongeze Chocolate ya 2008, kwa kuwa binti yangu ana usonji kama Zen, anayeigizwa na JeeJa Yanin. Pale Zen anapohangaishwa na nzi nilimtambua mwanangu kabisa, kwani wangu huziba masikio na kujikunja kila pikipiki inapopita barabarani. Lakini Zen hutazama mapigano kwenye televisheni, kisha huwashinda wanaume wazima wakati anadai madeni ili mama yake apate matibabu ya saratani, na tangu sinema hiyo ionekane mtaani kwetu watoto humwuliza binti yangu yeye anajua mapigo gani. Anajua kupanga vifuniko vya soda kwa rangi, na hilo halimpatii heshima ya mtu. Nafurahi kwamba mhusika mkuu ni msichana wa namna hii, ila sipendi akubalike kwa sababu tu ya uwezo usio wa kawaida.

Mkazi wa Pasua, Moshi
Nawashukuru. Mama, nitakapoionyesha Chocolate nitawaeleza watazamaji kuhusu vifuniko vya soda, ukiniruhusu. Kuhusu kiti, nimemjibu yule kijana kwamba ana haki ya kukasirika, naye akasema atarudi, mradi safari hii asikae mlangoni bali katikati. Itabidi nitoe benchi moja, yaani watu wanne wanaolipa, lakini nitalitoa. Mfasiri naye nimezungumza naye. Amekubali kuirudia Ong-Bak, George aongee Kiswahili cha mjini na Ting aongee kama mtu wa Rombo aliyeshuka stendi asubuhi hiyo hiyo. Ninachohofia ni kwamba Warombo watakaokuwepo watadai warudishiwe kiingilio.