Kwa nini wakipendana wao lazima mmoja afe? Nimechoka, wakuu

Wakuu, uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jana usiku nimejitoa kwenye kikundi chetu cha kusoma vitabu, kikundi nilichokaa nacho miaka minne hapa Nairobi, na kilichonitoa ni swali moja tu kuhusu riwaya ya watu wa jinsia moja wanaopendana.

Tulikuwa tunachagua kitabu cha mwezi ujao. Nikapendekeza Under the Udala Trees, riwaya ya Chinelo Okparanta ya 2015. Inamhusu Ijeoma, binti wa Kiigbo ambaye wakati wa vita vya Biafra kule Nigeria anampenda msichana mwenzake. Hakuna aliyekataa waziwazi. Ila dada mmoja, mtu ninayemheshimu, akauliza: "Mwisho wake wanajuta?" Nikamjibu hapana. Ijeoma anaolewa kwa shinikizo, ndoa inamshinda, anaondoka na binti yake, anabaki na mwanamke anayempenda, na yule mama yake aliyekuwa akimkalisha na Biblia ili abadilike anamwelewa. Kikundi kikanyamaza. Kisha msimamizi akaandika, "Basi tutafute kingine chenye funzo."

Chenye funzo! Mwaka jana watu haohao walisoma riwaya ambayo kijana anayempenda mwanamume mwenzake anapigwa hadi kufa kurasa chache kabla ya mwisho. Walilia. Waliisifu. Msimamizi huyohuyo alisema ni kitabu cha kila mzazi. Kumbe kilichowagusa ni maiti. Kijana akiwa hai, anapika, anacheka, anazeeka na mwenzake, hapo ndipo wanaposema kitabu kimepotoka.

Na si kikundi changu tu. Mnakumbuka Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu? Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Bodi ya kuainisha filamu ikaipiga marufuku mwezi Aprili mwaka huohuo. Mwongozaji mwenyewe alieleza alichoombwa: abadilishe mwisho, kwa sababu una matumaini mno. Hebu someni tena hapo. Kwa maelezo yake, kilichowakera ni kwamba Kena na Ziki, wasichana wawili wanaopendana, hawatubu. Baba wa hawa mabinti wanagombea udiwani kiti kimoja, mtaa mzima unajua, kipigo kinatembea, yote hayo yangepita. Kikwazo kikawa ule mkono unaowekwa begani dakika ya mwisho. Ilibidi Jaji Wilfrida Okwany aisimamishe marufuku kwa siku saba mwezi Septemba, akisema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha maadili yake kutikiswa na filamu. Kumbi zikajaa. Nami nilikuwepo, nimebanwa kiti cha pembeni, na mama wa makamo aliyekaa jirani yangu alinipa kitambaa chake bila kuniuliza kwa nini nalia.

Filamu ile imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine, tuzo ya hadithi fupi za Afrika, mwaka 2007. Jambula ni zambarau. Mimi nimekulia Tanga, mzambarau ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, na msimu ukifika hatukuweza kumdanganya bibi kwamba hatukupanda juu, kwa sababu ndimi zilikuwa zambarau tupu. Niliposoma habari za Anyango na Sanyu, wasichana wawili wanaopendana, chini ya mti ule kule Nakawa, Kampala, na jirani mbeya aliyewaona, sikuhitaji kuelezwa chochote. Nilimjua jirani yule kwa jina na kwa rangi ya khanga. Sanyu anapelekwa London. Lakini hadithi inaandikwa na Anyango akiwa mkubwa, ana kazi ya uuguzi, anamngoja mwenzake anayerudi. Anamngoja! Hajafa, hajaokoka, hajapata kichaa. Mpaka leo sijapata hadithi fupi nyingine iliyonikaa mwilini namna hiyo.

Sasa wale mnaoandaa jibu la "hayo ni mambo ya Wazungu," ngojeni kwanza. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, mshindi wa Nobel ya fasihi ya 2021, ameandika riwaya ya By the Sea mwaka 2001. Mle ndani kuna mfanyabiashara anayeletwa na msimu wa pepo, anamzoea kijana wa nyumba moja hadi kijana anaondoka naye. Si mapenzi ya kupendeza, yananiuma, lakini yamewekwa kwetu, kwenye bandari yetu, na wanaoyanong'ona ni watu wetu. Na neno shoga lenyewe mmelitoa wapi? Mama yangu mpaka leo anamwita rafiki yake wa utotoni "shoga yangu" na hakuna anayeshtuka. Kiswahili hiki hakiulizi hata jinsia. "Alimpenda." Nani alimpenda nani? Lugha imenyamaza, imekuachia wewe msomaji. Unaweza kuandika riwaya nzima ya mahaba kwa Kiswahili bila kusema kama ni bwana au bibi, kitu ambacho mwandishi wa Kiingereza atakitolea jasho. Halafu mnaniambia lugha hii haina nafasi ya hadithi hizi!

Wengine watasema watoto shuleni hawawezi kuelewa watu walio tofauti. Tulielewa. Sekondari Tanzania tumesoma Takadini, riwaya ya Ben Hanson. Mtoto anazaliwa na ualbino, mila inataka auawe, mama yake Sekai anamkimbiza kijiji kingine. Na mle ndani Takadini anakua. Anajifunza kupiga mbira, ala ya muziki. Binti anampenda, na anakaa naye waziwazi kijiji kizima kikitazama. Darasani kwetu alikuwepo mwenzetu mwenye ualbino, anakaa dawati la mbele kwa sababu ya macho. Siku tulipofika sehemu ya yule binti, aligeuka akatutazama sote, na alikuwa anatabasamu. Sikumbuki lolote alilofundisha mwalimu siku ile, ila uso ule ninao. Hakuna aliyeandika barua kuomba mwisho wa Takadini ubadilishwe ili afe na sisi tupate funzo. Basi nauliza, mbona huyu mmemruhusu kupendwa na Ijeoma mmemnyima?

Na hasira yangu nyingine naielekeza upande wetu, sisi tunaojiita wasomaji wenye moyo mpana. Tumezoea kuvipokea vitabu hivi kama semina. Mhusika hana kazi, hana deni dukani, hana shangazi msumbufu, hapendi mpira, haumwi jino. Kazi yake kitabuni ni kuwa vile alivyo na kutuelimisha. Huyo si mtu! Nikimaliza kitabu sijui hata anapenda chai ya rangi au ya maziwa. Waandishi wanaofanya hivi najua wanatutakia mema, lakini wanamuua mhusika ukurasa wa kwanza badala ya wa mwisho.

Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, alijua tofauti hiyo. Januari 2014 alipotoa ile sura aliyoiita iliyopotea kwenye kitabu chake cha kumbukumbu cha 2011, hakutuhutubia. Alizungumza na mama yake, marehemu, kitandani hospitalini, akimwambia alichoshindwa kumwambia akiwa hai: kwamba yeye anapenda wanaume. Mtoto na mama, basi. Alifariki tarehe 21 Mei 2019, na siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kufuta vifungu vya sheria vinavyofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Wiki ile sikuweza kusoma chochote.

Kitabu cha Okparanta chenyewe nilikinunua kwa mama mmoja muuza mitumba ya vitabu. Alikitoa chini ya meza, si juu pamoja na vingine, akakifunga kwa gazeti kama anavyofungwa samaki, akaninong'oneza, "Usikifungulie hapa, mwanangu." Sheria haisemi kusoma ni kosa. Yule mama hauzi bangi. Anauza riwaya, yenye jina la mwandishi kwenye jalada, na anaogopa. Nalo gazeti lile sijalitupa, limo ndani ya kitabu mpaka leo.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka riwaya ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe, si ya kutafsiriwa, yenye watu wawili hawa wanaoishi Magomeni au Likoni au Kisumu, gesi imewaishia katikati ya kupika, wanalaumiana nani alipaswa kununua, mmoja ananuna, mwingine anawasha mkaa, wali unaiva saa nne usiku na wanakula pamoja. Mwisho wa kitabu wote wawili wako hai.

Kama kuna aliyewahi kuiona, weka jina la kitabu, mwandishi, na duka ninapoweza kukipata. Kama ni mswada umeuficha kwenye droo, niandikie, nitausoma wiki hiihii. Na kama umekuja na mstari wa kunitisha moto, soma Jambula Tree kwanza, ni kurasa chache tu, halafu rudi tuongee.