Maziwa yamegoma kuganda, nahisi kuna ng'ombe aliyechomwa sindano

Mama Mgando (Tukuyu)
Habari zenu wafugaji. Natengeneza maziwa mgando hapa Tukuyu, nanunua kwa majirani wenye ng'ombe wa kisasa mmoja mmoja, wawili wawili. Juzi sufuria kubwa nzima imegoma. Nafunua asubuhi, maziwa yako vilevile, mepesi, hata harufu ya uchachu hakuna. Sufuria ndogo ya wanangu, ya maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe, imeganda vizuri kabisa. Mgando niliotilia ni uleule, na zote zililala karibu na mafiga chini ya blanketi moja, kwa hiyo msiniambie ni baridi ya huku kwetu.

Nahisi kuna aliyechoma ng'ombe dawa na bado ananiletea maziwa. Nitamjuaje bila kumsingizia mtu? Na nikiyachemsha tena yatafaa? Hawa ni majirani, tunazikana. Lakini wateja wangu wengi wanawanunulia watoto.

Mfugaji wa Kiwira
Pole mama. Maziwa ya kila mtu yaweke kwenye kikombe chake, uyachemshe, yakiwa vuguvugu tia kijiko cha mgando mzuri, funika mpaka kesho. Kikombe kitakachogoma peke yake ndicho cha kuulizia. Uliza tu, usihukumu, maana hata mabaki ya sabuni kwenye ndoo au ugonjwa wa kiwele wenyewe huweza kuharibu mgando.

Bwana Mifugo Mstaafu
Dada yangu, hayo maziwa mwaga. Moto unaua vijidudu, ila antibayotiki nyingi haziishi kwa kuchemshwa. Ndiyo maana mgando wako umekataa: bakteria wa kugandisha wamekutana na dawa ya kuua bakteria. Na wapo watu ambao penisilini kidogo tu inawaletea mzio.

Kila chupa imeandikwa siku za kusubiri, za maziwa na za nyama. OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya sindano) ya asilimia 20 inakaa mwilini muda mrefu, usitegemee kesho yake kuuza. Kinachoniuma zaidi ni hii tabia ya kuchoma OTC kwa kila homa. Ndigana baridi, ugonjwa wa kupe, inasikia OTC. Ndigana kali, nayo ya kupe, haisikii, ile inataka dawa ya bupavakwoni, na mapema. Halafu dozi ya kukisia! Chupa ya OTC inasema mililita 1 kwa kila kilo 10. Ng'ombe wa kilo 350 anachomwa mililita 10 kwa sababu dawa ni ghali. Hapo vijidudu havifi vyote, vinavyobaki vinazoea, na usugu huo unatufikia hata sisi binadamu.

Mama Mgando (Tukuyu)
Asante baba. Nimefanya ya vikombe na kimoja kimegoma. Nimemfuata mwenyewe nyumbani, kwa upole. Anasema ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, dawa kaisukuma kwenye chuchu moja tu, na maziwa ya hiyo haniletei, ananiletea ya chuchu tatu nyingine. Ni sawa?

Bwana Mifugo Mstaafu
Si sawa. Dawa inaingia kwenye damu na kutokea chuchu zote. Maziwa yote ya ng'ombe huyo yasubiri, na ndama asipewe, yataanza kuzoesha dawa vijidudu vya tumboni mwake. Amfunge kamba nyekundu mguuni ili yeyote atakayekamua ajue, na amkamue wa mwisho.

Mfugaji wa Kiwira
Mama, watu wanaficha kwa sababu wakisema wanapoteza soko. Waambie atakayesema mapema nafasi yake kwako ipo palepale.

Mama Mgando (Tukuyu)
Hilo nimeshamwambia, na kesho nawaambia wengine wakileta ndoo. Huyu nitampokea siku za chupa zikiisha, tena nitaanza na kikombe kwanza.