Ushauri: Kupaka upya rangi boti ya zamani ya faiba nikiwa nyumbani

Tezi_na_Omo (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, naombeni ushauri kabla sijanunua hata kopo moja la rangi. Nina boti ya faiba yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2, ya zamani kiasi kwamba haijulikani imepita mikononi mwa watu wangapi, na kwa sasa iko juu ya trela uani kwangu. Ubavuni imepauka, na nikipitisha kiganja hubaki na unga mweupe. Sehemu ya chini, ambayo huzama majini, ina mabaki ya rangi nyekundu ya kuzuia viumbe vya majini inayobanduka vipande vipande, na karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa boti, nimeona malengelenge kadhaa, mengine yenye upana wa sarafu.

Nilichokusudia ni kuipiga msasa boti nzima, kisha kuipulizia kwa kompresa rangi ya makopo mawili, ile inayochanganywa na hadina (kemikali ya kuikaza), maana nimesikia kwamba ndiyo inayodumu. Je, rangi hiyo moja inaweza kutumika ubavuni na chini pia? Na yale malengelenge, je, yanatosha kupigwa msasa na kufunikwa kwa rangi?

Msasa_120

Ndugu yangu, usianze na msasa. Anza kwa kuiosha boti kwa maji na sabuni, kisha uondoe nta na mafuta kwa kiyeyushi, kwa sababu boti ya umri huo bila shaka imepakwa polishi mara nyingi, na ukiipiga msasa kabla ya kuitoa hiyo nta utakuwa unaisukuma ndani ya mikwaruzo unayoichimba mwenyewe, mahali ambapo hutaifikia tena. Tumia vitambaa viwili: kimoja kilicholowa kiyeyushi cha kufutia, kingine kikavu cha kufuatia papo hapo kabla kiyeyushi hakijakauka, na ubadilishe vitambaa mara kwa mara, vinginevyo unahamisha uchafu kutoka huku kwenda kule. Ukimaliza, mwagia maji safi ubavuni. Yakitandaa kama utando mmoja, pamekuwa safi. Yakijikusanya kuwa matone, nta bado ipo.

Ule unga mweupe ni jelikoti yenyewe, yaani tabaka la juu la rezini yenye rangi, lililoliwa na jua. Jelikoti kwa kawaida ina unene wa takriban nusu milimita tu, kwa hiyo huna haja ya kuikwangua yote, na ukijaribu utazifikia nyuzi za kioo na kujiongezea kazi. Kwa kweli, kama tatizo la ubavuni ni kupauka peke yake, jaribu kwanza kusugua eneo dogo kwa dawa ya kung'arishia. Iking'aa, huenda huhitaji rangi huko juu kabisa. Ikikataa, pitisha msasa namba 120 hadi 180 ili praima, yaani rangi ya msingi, ipate pa kushika, ziba mikwaruzo kwa fila ya epoksi (kijazio cha rezini), paka praima, na uimalizie kwa namba 220 hadi 320 kabla ya rangi ya mwisho.

Pumzi_Kwanza

Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila nina neno juu ya kompresa. Rangi nyingi za makopo mawili za aina ya poliurethani zina kemikali iitwayo isosianeti ndani ya hadina. Ukiipaka kwa brashi na rola, unachokabiliana nacho zaidi ni mvuke, ambao bado unahitaji kinyago chenye vichujio vya mvuke, glavu na mahali penye hewa ya kutosha. Ukiipuliza, unaigeuza ukungu unaoingia moja kwa moja mapafuni, na mtu ambaye mwili wake umeshaikataa kemikali hiyo anaweza kushikwa na pumu hata akikutana na kiasi kidogo sana baadaye. Wanaoipuliza kitaalamu huvaa vifaa vinavyoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Uani kwako, ambako jirani ameanika nguo na watoto wanapita, jambo hilo naliona halifai hata kidogo.

La pili ni ile rangi nyekundu ya chini, ambayo usiipige msasa mkavu. Rangi za namna hiyo hutengenezwa ili ziwe sumu kwa viumbe, nyingi kwa kutumia shaba, na zile za zamani sana zinaweza kuwa na misombo ya bati, ambayo ilipigwa marufuku na mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Ikwangue na uisugue ikiwa imeloa, tandika turubai chini, kisha uzikusanye takataka zote zisiingie ardhini wala mferejini. Vumbi la faiba nalo linataka barakoa ya chembe ndogo, miwani na mikono mirefu.

Kopo_Moja_Latosha

Mimi natofautiana kidogo na mnaosifia makopo mawili. Ni kweli kwamba rangi hiyo ni ngumu na hudumu kung'aa zaidi, lakini haisamehe: inataka hali ya hewa iliyotulia, vipimo sahihi, na sehemu iliyoandaliwa bila kasoro, la sivyo itaonyesha kila kasoro kwa mng'ao wake. Rangi nzuri ya kopo moja iliyotengenezwa kwa ajili ya boti hupakika kwa urahisi, na ikikwaruzwa gatini unaigusia kwa brashi jioni moja. Kwa boti ya mita 5 inayofanya kazi, ningechagua hiyo.

Vyovyote utakavyoamua, pima kwanza rangi iliyopo. Loweka kitambaa kwa kiyeyushi cha rangi ya makopo mawili, kibandike ubavuni kwa dakika kadhaa, kisha ukitoe. Kama rangi imelainika au imekunjamana, hiyo ni ya kopo moja, na ukiipaka ya makopo mawili juu yake itanyanyuka yote. Epuka pia rangi ya giza, kwa kuwa hunyonya joto la jua, na kila wimbi la ubavuni ambalo nyeupe ingelificha litaonekana.

Tezi_na_Omo

Ahsanteni sana. Nimefanya jaribio la kitambaa: sehemu kubwa ya ubavu haikubadilika, lakini upande wa omo, yaani mbele, kuna eneo lililokunjamana, kwa hiyo nadhani mwenye boti wa awali aliligusia kwa rangi ya kopo moja. Pia nimetoboa lengelenge moja kwa ncha ya msumari, nikiwa nimevaa miwani, na kikatoka kioevu chenye harufu ya siki na kunata vidoleni. Niongeze kwamba boti hii hukaa majini kwa wiki nyingi mfululizo, si ya kushusha asubuhi na kupandisha jioni.

Fundi_wa_Mkuku

Harufu hiyo inajibu swali lako la pili. Maji yamepenya jelikoti taratibu, yakakutana na kemikali ndani ya rezini ya poliesta na kuzivunjavunja, na kioevu kilichozaliwa humo kinaendelea kuvuta maji mengine mpaka jelikoti inavimba. Ukifunika kwa rangi utakuwa umekifungia humo humo. Fungua kila lengelenge, kwangua mpaka ufike kwenye faiba iliyo ngumu na kavu, kingo zake uzilaze kwa msasa ili shimo liwe kama kisahani kisicho na ukingo mkali, kisha ulioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tena na tena, siku baada ya siku. Kioevu kile kinayeyuka majini. Kiyeyushi cha rangi hakikitoi vizuri.

Baada ya hapo, subira. Bandika kipande cha nailoni angavu cha takriban sentimita 30 kwa 30 juu ya faiba, uzibe kingo zote kwa utepe, na ukiangalie siku inayofuata. Ukiona ukungu au matone kwa ndani, bado kuna unyevu. Kukauka kunaweza kuchukua wiki, hata miezi, na hapa ndipo wengi huharibu kazi kwa haraka.

Ziba mashimo kwa fila ya epoksi, si ile ya poliesta inayotumika kwenye magari, maana hiyo hunyonya maji. Usiongeze hadina ukidhani epoksi itakauka haraka: hadina yake ni sehemu ya mchanganyiko wenyewe, tofauti na ya poliesta ambayo huwekwa takriban asilimia 1 hadi 2 ili kuchochea tu. Epoksi nyingi zikishakauka huacha utando wa kuteleza juu. Usugue kwa maji na sponji ngumu kabla ya msasa. Malizia kwa tabaka kadhaa za praima ya epoksi kuanzia mkuku hadi juu kidogo ya mstari wa maji. Praima hiyo nayo haivumilii jua, kwa hiyo usiiache wazi.

Kuhusu rangi moja juu na chini, jibu ni hapana. Rangi za ubavuni hazikutengenezwa kukaa majini wiki nzima, na zikikaa huvimba na kubanduka. Chini ya mstari wa maji weka rangi ya kuzuia viumbe, na uipandishe sentimita chache juu ya mstari huo, kwa sababu boti ikipakiwa mizigo hukaa chini zaidi.

Msasa_120

Lile eneo la omo likwangue lote, usiliache hata kidogo, ndipo uwe huru kuchagua rangi yoyote. Kiasi cha rangi ya ubavuni kinakadiriwa hivi: jumlisha urefu na upana, zidisha kwa 2, kisha zidisha kwa kimo cha ubavu juu ya maji. Kama kimo chako ni mita 0.6, utapata mita za mraba 8.4 kwa tabaka moja. Gawanya kwa eneo ambalo kopo linasema lita moja inafunika, na uhesabu tabaka zote.

Siku ya kupaka, tafuta kivuli na hali isiyo na upepo, anza umande ukishakauka, na umalize mapema mchana, kwani umande wa jioni ukiikuta rangi ikiwa mbichi huitoa mng'ao. Muwe wawili. Mmoja anapaka kwa rola ya sponji eneo jembamba kutoka juu hadi chini, mwingine anamfuata mara moja kwa ncha ya brashi pana, bila kukandamiza, akipasua vipovu na kuvuta kuelekea rangi ambayo bado ni mbichi. Ukiona mahali pamerukwa na rangi imeanza kushika, paache hadi tabaka lijalo. Utepe wa mstari wa maji uutoe kabla rangi haijawa ngumu.

Tezi_na_Omo

Nitakwenda na kopo moja kwa ubavuni, kwa rola na brashi. Swali la mwisho: mguu wa injini yangu ni wa alumini, na nao huota viumbe. Je, niupake ile ile rangi ya chini? Na sehemu zinazolalia mbao za trela nizifikieje?

Fundi_wa_Mkuku

Mguu usiuguse kwa rangi yenye shaba. Shaba na alumini vikikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Zipo rangi za kuzuia viumbe zilizotengenezwa kwa ajili ya alumini. Vile vipande vya zinki vilivyofungwa mguuni usivipake rangi kabisa, maana kazi yao ni kuliwa badala ya mguu.

Kwenye trela, paka kwanza sehemu zote unazozifikia na uziache zikauke kwa muda ulioandikwa koponi. Kisha nyanyua boti kidogo kwa jeki, upande mmoja baada ya mwingine, ukiiegemeza juu ya magogo imara yaliyovishwa zulia kuukuu, uisogeze kiasi cha upana wa mbao, na upake pale palipokuwa pamefichwa. Usiingie chini yake ikiwa imeshikiliwa na jeki peke yake.