Naomba ushauri: kijiji kinaamini tunakula hela za wafadhili

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhasibu wa NGO ndogo huku Kilosa. Tuko watu wanne, tunagawa taulo za kike na kujenga vyoo vya wasichana shuleni. Tumesajiliwa kwa Sheria ya NGO ya 2002, na ripoti ya mwaka kwa Msajili hatujawahi kukosa.

Shida ni maneno ya mtaani. Pikipiki ya ofisi ikipita, utasikia "hela za wazungu hizo". Tukiitisha kikao wanataka posho, na ukisema hakuna, basi umeila. (Siwalaumu sana. Walishapita wengine hapa, wakapiga picha na watoto, hawakurudi.)

Mapato na matumizi nimeyabandika ofisi ya kijiji, nikayasoma kwenye mkutano mkuu. Ndiyo kwanza maswali yakazuka: kwa nini fedha za vyoo zisinunue madawati? Nikieleza kwamba mfadhili ametoa kwa kazi hiyo tu, fungu halihamishiki, naonekana nakwepa.

Mliopitia haya, hilo la fedha zenye masharti mlilielezaje likaeleweka? Na mishahara yetu, niitaje hadharani au nitakuwa nimechokoza nyuki?